Binti Aliyeweka Kalamu Akashika Udongo

Wazazi wapenzi, jambo hili mnalijua. Yuko mtoto nyumbani, wa kiume au wa kike, ambaye mkono wake hautulii. Huchora ukutani kwa mkaa, huchora mchangani kwa kijiti, huchora hata ndani ya daftari la hesabu mpaka mwalimu akasirike. Leo achora ng'ombe, kesho afinyanga udongo wa mtoni, keshokutwa amesimama mlangoni pa fundi cherehani akimtazama jinsi akatavyo kitambaa. Baba amwambia, "Wewe mtoto hujui utakalo." Mama asema, "Mwacheni, atakua." Na jirani aliyerudi juzi kutoka machimboni Geita na pikipiki mpya asema, "Nipeni mimi, nitamwonyesha kazi."

Maneno hayo husemwa Shinyanga, husemwa Kahama, husemwa Katoro na Nyarugusu. Kabla hamjamjibu jirani huyo, nisikilizeni kidogo. Nataka kuwasimulia habari za binti mmoja wa Nairobi ambaye naye mkono wake haukutulia, akaonja kazi hii na ile, akapita kwa walimu wa nchi mbalimbali, na leo kazi zake zimewekwa katika makumbusho makubwa ya London na Washington. Jina lake ni Magdalene Odundo. Na kazi aliyoishia kuifanya ni ile ile waliyoifanya bibi zetu wengi: kufinyanga mitungi.

KALAMU KWANZA

Magdalene alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Masomo ya utotoni aliyapata Kenya na India. Alipokuwa msichana mkubwa aliingia chuo cha ufundi cha Kabete, karibu na Nairobi, akajifunza uchoraji wa biashara. Kazi hiyo ni kupanga herufi na picha za vitu viuzwavyo: karatasi ya sabuni, kopo la majani ya chai, tangazo la gazetini. Mtu akinunua pakiti ya chumvi dukani hadhani kwamba yuko mwenzake aliyekaa mezani siku nzima akifikiri herufi zile ziwe kubwa au ndogo, nyekundu au buluu. Yuko. Magdalene alikuwa mmoja wa watu hao, akifanya kazi ya matangazo mjini Nairobi.

Ilikuwa kazi safi, kazi ya mezani na mshahara. Wazazi wengi wangemshukuru Mungu na kunyamaza. Lakini mwaka 1971 alikwenda Uingereza kuendelea na masomo hayo hayo ya uchoraji, katika mji wa Cambridge, na huko ndiko kalamu ilikoanza kulegea mkononi.

Yafaa nieleze jinsi vyuo vile vifundishavyo, maana huku kwetu hatukuzoea. Mwanafunzi wa sanaa hafungwi na kazi moja tangu siku ya kwanza. Kwanza huonjeshwa. Majuma haya achora mtu aliyeketi mbele yake. Majuma yale achonga ubao na kuupaka wino ili apate kuchapa picha. Halafu apiga picha kwa kamera. Halafu ashona, au apinda waya, au akanda udongo. Ni sawa na mkulima aliyehamia nchi ngeni. Hapandi pamba shamba zima mwaka wa kwanza. Apanda mtama kidogo, viazi kidogo, karanga kidogo, apate kujua ardhi ile yapenda nini. Hakuna amwitaye mkulima huyo mvivu.

Katika kuonja huko Magdalene alikutana na udongo, na udongo ukamshika.

Wako watakaosema kwamba huku ni kutangatanga tu. Mimi sikubali. Fungueni Biblia, Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, mtamwona Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda. Mungu alipotaka hema lake litengenezwe alimwita mtu huyu kwa jina, akamjaza roho ya ufundi, na si ufundi mmoja. Alijua kazi ya dhahabu, na ya fedha, na ya shaba, kukata vito, kuchonga miti. Mkiendelea mpaka sura ya 35 mtakuta habari za kudarizi na kufuma, na kwamba alitiwa moyoni kuwafundisha wengine pia. Mtu mmoja, kazi sita au saba. Wala hatusomi popote kwamba Musa alimkaripia.

KUIGA NA KUJIBU

Liko jambo la pili ambalo mwanafunzi wa sanaa hufanya, na ndilo ninalotaka lieleweke vizuri. Mwalimu humpeleka makumbusho, humketisha mbele ya kitu kilichotengenezwa na fundi mwingine, pengine fundi aliyekufa miaka elfu tatu iliyopita, humwambia: kitazame, kichore, halafu rudi mezani kwako ukakijibu. Makumbusho ya Cambridge na ya London yamejaa vitu vya Misri ya kale, vya Ugiriki, na vya Afrika yetu. Magdalene aliviendea mara kwa mara.

Ukakijibu! Hapo ndipo watu hukosea. Wengine hudhani kwamba kujifunza kwa fundi ni kufanya kama yeye alivyofanya, mstari kwa mstari. Lakini sisi tuliokulia Usukuma twajua zaidi, kwa kuwa tumeona ngoma.

Tangu karne ya 19 wachezaji wetu wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, wakifuata washindani wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Hata leo, katika sikukuu ya Bulabo pale Bujora, wakati wa Ekaristi Takatifu mwezi wa Juni, pande hizo husimama uwanjani na kushindana, na mshindi ni yule avutaye watu wengi zaidi. Sasa nawauliza ninyi mliowahi kusimama katika vumbi lile: manju wa upande huu akitoa wimbo mzuri, manju wa upande wa pili afanyeje? Akiurudia ule ule, watu watacheka na kuhamia kwa mwenziwe. Akijifanya kwamba hakuusikia, watasema ameshindwa. Yampasa ausikie vizuri sana, kuliko hata mashabiki wa yule aliyeuimba. Ashike lile neno lenye uzito, aligeuze, halafu atoe la kwake ambalo yule mwingine hakulifikiria. Watu husikia nyimbo zote mbili ndani ya ule mmoja, na hukimbilia huko.

Mwanafunzi wa sanaa afanya vivyo hivyo mbele ya mtungi wa kale. Ashika jambo moja tu, labda jinsi shingo inavyotoka katika bega, na hilo alijibu kwa mkono wake.

AKINA MAMA WA ABUJA

Mwaka 1973 Magdalene aliingia chuo cha sanaa cha Farnham, kusini mwa Uingereza, sasa akisomea ufinyanzi hasa. Huko Ulaya wafinyanzi wengi walifanya kazi kwa gurudumu. Bonge la udongo huwekwa juu ya kibao kinachozunguka, na mikono hulivuta juu mpaka likawa bakuli au jagi. Alikuwako Mwingereza mmoja mashuhuri katika kazi hiyo, jina lake Michael Cardew, ambaye alikuwa amefanya kazi Nigeria miaka mingi na kuanzisha kituo cha ufinyanzi mjini Abuja mwanzoni mwa miaka ya 1950. Cardew akamtia moyo Magdalene aende huko.

Tazameni basi mzunguko huu. Binti atoka Nairobi kwenda Ulaya kutafuta elimu, na Ulaya yamwambia: nenda Afrika, wako akina mama watakaokufundisha. Mimi ningecheka. Yeye alikwenda, mwaka 1974.

Abuja ile siyo mji mkuu wa sasa wa Nigeria. Mji ule wa zamani siku hizi waitwa Suleja. Katika kituo cha pale walikuwako wanawake wa kabila la Wagwari, na aliyejulikana kuliko wote alikuwa Ladi Kwali. Mama huyu alizaliwa katika kijiji cha Kwali, yapata mwaka 1925, akajifunza kufinyanga kwa shangazi yake kama wasichana wengine. Mitungi yake ilikuwa mizuri hata ikawekwa nyumbani kwa Emiri wa Abuja, na hapo ndipo Cardew alipoiona. Mwaka 1954 Ladi Kwali aliingia katika kituo, mwanamke wa kwanza kupokewa pale. Akajifunza gurudumu la Wazungu na rangi yao ya kioo, lakini mitungi yake mikubwa hakuiacha. Aliijenga kwa mkono vile vile kama kijijini, akachora juu yake mijusi na nyoka na samaki kama walivyochora mama zake, halafu akaipaka ile rangi ya kigeni na kuichoma katika tanuru la moto mkali. Huyo naye alikuwa akijibu, ingawa hakusoma chuo chochote cha sanaa. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimpa heshima ya udaktari. Alifariki mwaka 1984, na sura yake imo katika noti ya naira 20 ya Nigeria. Mfinyanzi wa kijijini katika noti ya serikali! Akina mama, msomeeni baba sehemu hii mara mbili.

Kwa akina mama hao Magdalene alijifunza kujenga mtungi kwa mikono mitupu. Mtungi hukaa mahali pake, na mfinyanzi ndiye auzungukaye, akienda kinyumenyume, mgongo mbele, mkono mmoja ndani na mmoja nje. Udongo huvutwa juu kutoka katika bonge, kisha huongezwa kamba za udongo moja juu ya nyingine, na ukuta wake hukwanguliwa kwa kipande cha kibuyu mpaka uwe mwembamba.

Bila shaka wako wasomaji waliokwisha kusema moyoni: mbona haya nayajua? Ndiyo, wayajua. Bibi yako alifanya karibu yote hayo. Alichimba udongo mahali alipopajua yeye, akautwanga, akatoa mawe, akaukanda, akaujenga, akausugua kwa kokoto laini mpaka uking'aa, akauanika kivulini usipasuke, na siku isiyo na upepo akaupanga pamoja na majani makavu na kuni na kuuwasha moto. Ilikuwa elimu kubwa, nayo haikuandikwa popote. Tulipopata ndoo ya plastiki tulifurahi, na si vibaya kufurahi, maana ndoo ni nyepesi kichwani na haivunjiki. Lakini nendeni leo kijijini mwenu mkaulize ni wasichana wangapi wajuao ni udongo upi hupasuka motoni na upi haupasuki. Mimi nimeuliza katika vigango vyetu. Wale wajuao nimekuta ni wazee.

SHINGO, BEGA, TUMBO

Kutoka Nigeria Magdalene alipita na Kenya, kwao, akawatazama wafinyanzi wa huko pia. Baadaye akaenda Marekani, jimbo la New Mexico, katika kijiji cha San Ildefonso, wanakokaa wenyeji wa asili wa nchi ile. Kijiji hicho kina sifa ya vyungu vyeusi vinavyong'aa kama chuma kilichopakwa mafuta, na aliyekifanya kijulikane ni mama Maria Martinez, aliyezaliwa mwaka 1887 na kufariki mwaka 1980. Siri yao ni hii. Udongo wenyewe ukichomwa kwa moto wa kawaida huwa mwekundu. Lakini moto ukiwa umekolea, wao huufunika ghafula kwa mavi makavu ya farasi yaliyopondwa, moto ukakosa hewa, moshi ukajaa na kuingia ndani ya udongo, na chungu kikatoka cheusi. Hakuna rangi iliyopakwa. Ni hewa tu, kuwapo kwake au kukosekana kwake.

Haya yote Magdalene aliyabeba akarudi nayo. Alimaliza Farnham mwaka 1976, akafundisha London miaka michache, halafu kuanzia 1979 hata 1982 akasoma katika chuo kikuu cha sanaa cha Royal College of Art, London. Na katika miaka hiyo mitungi yake ikaanza kuwa yake.

Nijaribu kuieleza kwa wale wasioiona. Haina rangi ya kioo juu. Baada ya kujengwa hupakwa maji ya udongo laini sana na kusuguliwa kwa mawe, tena na tena, kwa siku nyingi. Ikichomwa mara moja katika hewa safi huwa ya rangi ya machungwa, karibu na wekundu wa ardhi yetu baada ya mvua. Ikirudishwa motoni katika chombo kilichofungwa, kimejazwa mabaki ya mbao, huwa nyeusi. Na pengine nyeusi na nyekundu hukutana katika mtungi mmoja kama jioni na usiku. Umbo lake hulitambui mara moja. Sisi kwa Kiswahili twasema mtungi una mdomo, una shingo, una bega, una tumbo, twasema tu bila kufikiri. Yeye amefikiri. Mitungi yake hasa yasimama kama watu: mmoja kama mama mjamzito ainamishaye kichwa, mwingine kama msichana aliyenyosha shingo kusikiliza habari jirani. Ukiutazama waona Abuja ndani yake, waona New Mexico, waona Misri na Ugiriki, lakini ukiulizwa ni wa nchi gani huwezi kujibu. Huo ndio wimbo ule nilioutaja, wenye nyimbo nyingine ndani yake.

Wala hakukoma kuonja. Katika makumbusho ya London kiko kipuli kidogo cha kioo cha Misri ya kale. Magdalene alikijibu kwa kioo, kazi ambayo si yake kwa asili, akishirikiana na mafundi wa kioo, na mwaka 2014 ikatoka kazi moja ya vipande 1,001 vya kioo vinavyoning'inia juu kama mvua iliyosimama. Mwaka 2019 katika mji wa Wakefield yalifanyika maonyesho makubwa ya kazi zake. Hakuweka mitungi yake peke yake. Alichagua vitu vya mafundi wengine, wa zama na nchi nyingi, akaviweka kando ya vya kwake, ili kila aingiaye aone wazi ni nani aliyesema naye, na yeye alijibu nini. Mwaka uliofuata, 2020, Malkia wa Uingereza alimpa heshima ya Dame, iliyo sawa na ile ya Sir kwa wanaume.

SWALI LA BABA MMOJA

Baba mmoja wa kigango cha mbali alikuja ofisini parokiani kutaka barua kwa ajili ya masomo ya mwanawe. Tulipokwisha kuandika hakuondoka. Akaniuliza, "Karani, na huyu mdogo wake achoraye, kuchora kwalisha?"

Ni swali la haki, wala halijibiwi kwa hadithi ya Dame wa London. Wanafunzi wengi wa sanaa duniani hawapati makumbusho wala heshima ya Malkia. Wengi huishia kuwa waalimu, au mafundi wa mabango, au wachora vitambaa, au watengenezaji wa vitabu vya shule. Lakini hiyo ndiyo hoja yangu: hizo zote ni kazi. Kitenge alichovaa mama kanisani Jumapili, yuko aliyechora maua yake kwanza kwenye karatasi. Kasula ya padre, meza unayolia, kifuniko cha dawa, jengo la shule, hakuna kilichozaliwa bila mtu kukichora. Mtoto aliyeonja kazi nyingi ana milango mingi ya kubisha.

Tena tusilinganishe na mshahara wa karani peke yake. Tulinganishe na shimo. Watoto wa vijiji vyetu huacha darasa la sita au la saba wakaenda machimboni, na huko wengine hukanyaga matope yenye zebaki kwa miguu mitupu, na wengine hufukiwa. Jirani mwenye pikipiki twamwona kwa sababu amerudi.

Na hiyo dhahabu yenyewe! Tangu mwaka 2000 mgodi mkubwa wa Geita watoa dhahabu. Tangu Machi 2019 liko soko la madini pale mjini. Lakini pete ya ndoa ya kijana wa Geita aghalabu yatoka dukani mbali, imebuniwa na kutengenezwa na watu wasiojua Geita iko wapi. Udongo wa thamani ni wetu, mkono wa kuupa umbo si wetu. Haikuwa hivyo daima. Katika nchi hizi za Geita na Kahama walikuwako Warongo, mafundi wa chuma, waliochimba mawe yao, wakayayeyusha kwa tanuru na mivukuto, wakafua majembe yaliyolima Usukuma yote. Majembe ya Ulaya yalipokuja kwa bei ndogo, matanuru yakazimika.

Kwa wale wadhanio kwamba kupita kazi nyingi ni jambo la Ulaya tu, nitaje na mtu wetu mmoja. George Lilanga, Mmakonde, alizaliwa mwaka 1934, akajifunza kuchonga mpingo. Alipofika Dar es Salaam alipata kazi ya ulinzi wa usiku katika Nyumba ya Sanaa, mahali palipoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt, wa Shirika la Maryknoll, shirika lile lile ambalo mapadre wake wazee wetu wa Shinyanga wanawakumbuka. Mlinzi akaonyesha vinyago vyake. Wakamwonjesha batiki, wakamwonjesha kuchora juu ya ngozi ya mbuzi, na kuchapa, na bati, na rangi. Mashetani yake ya Kimakonde, yenye masikio makubwa na matumbo ya kuchekesha, yakatoka katika mpingo yakaingia katika rangi, na mwaka 1978 yalionyeshwa Washington. Alifariki mwaka 2005.

KARIBU ZAIDI NA NYUMBANI

Kama mwataka mtoto aone kujibu ni nini bila kupanda ndege, mpelekeni Bujora. Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Mapadre Weupe, alianza kazi pale katika miaka ya 1950. Wamisionari wengi kabla yake walijenga makanisa kama ya kwao Ulaya, nasi tukazoea kudhani kwamba Mungu apenda madirisha yaliyochongoka. Yeye alizitazama nyumba za watemi wa Usukuma, akajenga kanisa la mviringo, na tabernakulo akaipa umbo la nyumba ya Kisukuma, kwa kuwa ndani yake amekaa Mtemi. Jengo la viti vya enzi katika makumbusho lina umbo la kiti cha mtemi chenyewe, na ngoma za kitemi zimehifadhiwa pale. Wako walionung'unika wakati ule. Lakini mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia, ulitamka kwamba Kanisa halikuchukua mtindo wa sanaa wa taifa moja ukawa wake peke yake, na kwamba sanaa za mataifa yote zipewe nafasi, mradi zitumikie ibada kwa heshima. Bujora ilikuwa imekwisha kuanza.

Mwambieni mtoto achukue daftari lisilo la hesabu. Achore ngoma moja tu, polepole, saa nzima. Akirudi nyumbani msimwambie achore ngoma ile ile tena. Mwambieni atengeneze kitu kingine, kwa udongo, au uzi, au bati, ambacho ngoma ile imemfundisha. Mtacheka kwa kile cha kwanza. Kitunzeni.

Kwa wale wenye watoto wakubwa, mambo machache ya kujua. Somo la sanaa ya uchoraji limo katika mitihani ya kidato cha nne, ila shule zenye mwalimu wake ni chache, basi ulizeni kabla ya kuchagua shule. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni ya Bagamoyo, iliyoanza kama chuo mwaka 1981, hupokea vijana wa sanaa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha sanaa kwa wale waliomaliza kidato cha sita. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia cha serikali kinachofundisha kukata na kung'arisha vito. Kwa kijana wa Mwadui au Geita hilo si jambo dogo. Na VETA Shinyanga iko karibu kwa wale wa kushona na wa kazi nyingine za mikono.

Bujora yenyewe iko Kisesa, upande wa barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Mkienda wakati wa Bulabo ondokeni mapema, maana magari hujaa, na mchukue maji na kofia.